Sifa za Shangazi

1

Siku niliyoambiwa ninoe kisu nilikuwa nimeshika ndoo ya kaa, na nusura nimmwagie Mkurugenzi kichwani.

"Jumamosi," alisema. "Saa nne mgeni rasmi anaingia, saa tano unampasua. Kwenye chumba cha kioo, watu wote waone."

Mkurugenzi wa kampuni yetu, Dk. Elikana Masunga, alisimama ukingoni mwa bwawa na viatu vyake vya ngozi, macho kwenye simu. Chini yake, ndani ya maji ya kina cha mita nne, Shangazi alikuwa anazunguka bila haraka. Mita mbili na nusu, rangi ya mchanga uliolowa, na mgongoni miiba miwili mirefu, kila mmoja umesimama mbele ya pezi lake. Tulimwita Shangazi kwa sababu ya tabia zake. Yeyote aliyeingia majini kusafisha bwawa lazima papa huyu amzunguke, amkague kuanzia unyayo hadi utosi, kisha aende zake kimya, kama shangazi aliyekuja harusini kutafuta kasoro.

"Ana mayai," nilisema.

"Najua. Ripoti yako niliisoma."

"Yote, au ukurasa wa kwanza?"

Hapo ndipo aliponiangalia. "Dokta Somoe, usinianze asubuhi hii."

Nikaweka ndoo chini, nisije nikamrushia. Hasira yangu huanzia mikononi.

Nieleze kidogo, ili mjue alichokuwa anataka nikipasue. Papa hana mfupa hata mmoja. Mwili wake umejengwa kwa gegedu, kitu kile kile kilichomo kwenye ncha ya sikio lako, na gegedu huoza. Kwa hiyo huyu ambaye wataalamu humwita Hybodus, aliyeogelea hapa zama za mijusi wakubwa, aliacha meno na miiba basi. Watu wa kijiji chetu cha Namapwiya wamekuwa wakiyafukua meno yale kwenye mashamba ya mihogo tangu waanze kulima. Mimi mwenyewe nilicheza kete kwa meno ya Hybodus kabla sijajua kusoma.

Kilichomrudisha ni mashine tuliyoiita Kinyume. Jina nililipendekeza mimi, na nalijutia. Tulipokuwa watoto tulizungumza kinyume ili wakubwa wasituelewe. Maji yakawa jima, ndugu ikawa gundu, na papa akabaki papa, umgeuze hivi umgeuze vile. Mashine ilifanya mchezo huo huo. Ilichukua chembe za urithi za papa wote na samaki taa wote walio hai, mamia kwa mamia, ikasikiliza kila mmoja anasemaje, kisha ikakokotoa babu yao alisemaje kabla maneno hayajageuzwa. Tukalinganisha na meno, tukalinganisha na miiba, tukatengeneza mayai mia tatu na kumi na mawili. Yaliyoanguliwa ni mawili. Dume, mwenye vipembe vya ndoana juu ya macho, alikufa mwaka jana. Jike ni Shangazi. Na papa jike huweza kutunza mbegu mwilini miezi na miezi, mpaka aone wakati umefika. Shangazi alikuwa ameona umefika. Kwenye picha ya ultrasaundi mayai yalionekana kumi na manne, vifuko vilivyosokotwa kama kitambaa kilichokamuliwa.

Mafuta ya ini lake tuliyapima kwa bahati tu. Yana kitu kinachoyeyusha makovu ya mapafu. Tuliwapa watu kumi, aliowachagua Mkurugenzi, ambao hospitali zilikuwa zimewarudisha nyumbani wakafie kitandani. Wanane leo wanapanda ngazi. Yale ya watu kumi niliyatoa kwa sindano ndefu, mililita thelathini kwa mwezi, na Shangazi hakukosa hata mlo mmoja.

"Sindano inatosha," nilimwambia Mkurugenzi. "Mwezi mmoja, mgonjwa mmoja. Mayai yakianguliwa, baada ya miaka sita tuna papa kumi na zaidi. Hapo hesabu ni nyingine kabisa."

"Miaka sita!" Alicheka. "Wenzetu wa ng'ambo nimewaahidi lita kumi na moja. Kontena la baridi lipo tayari, ndege inaondoka saa tisa Jumamosi hiyo hiyo. Wakipata lita kumi na moja wataiga kilichomo, kitatengenezwa kiwandani, dunia nzima itatibiwa. Unataka uizuie dunia kwa ajili ya samaki?"

"Wameshajaribu mara mbili kuiga, wakashindwa. Mafuta uliwapa ya kutosha. Hawajui kitu hicho kilivyoundwa, hilo tu. Ukiwapa pipa watashindwa na pipa."

"Huo ni mtazamo wako."

"Ni ukurasa wa pili wa ripoti."

Alizima simu, akaitia mfukoni, akasogea karibu. Sauti aliyoitumia ilikuwa ya upole, na upole wa mtu yule ndio wa kuogopwa.

"Mama yako anaendeleaje na kifua?"

Niliinama nikaokota kaa mmoja aliyetoroka kwenye ndoo.

"Kabla kontena halijafungwa, nitatoa dozi moja. Ya kwanza kabisa. Ya Bi Rukia. Nakupa neno langu mbele ya huyo samaki wako." Akanipiga begani. "Noa kisu, Dokta. Wewe ndiye unayemjua ndani na nje. Mwingine ataharibu ini."

Nilipaswa kumsukuma majini. Shangazi angemkagua vizuri. Badala yake, aliponiuliza kama nitakinoa, nikaitikia kwa kichwa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

2

Mama alikuwa amekaa barazani na mtungi wake wa oksijeni, mpira puani, anachambua mchele na kuutukana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Tazama mchele huu! Mawe mengi kuliko mchele. Ntu aliyeuza huu angeuza kokoto tu, tukajua moja."

Alisema hayo kwa vituo vitatu, maana pumzi haikutosha. Mama yangu alikuwa mpika sifa miaka thelathini na minane. Nyie wa bara mkisikia sifa mnafikiria kupigiwa makofi. Kwetu sifa ni mafuta ya ini la papa. Maini hukusanywa kwenye pipa, hupikwa kwa moto wa kuni siku kutwa mpaka yayeyuke, hukamuliwa, na kile kinachotoka hupakwa vyombo vya baharini vya mbao visinywe maji. Moshi wake ni mzito na harufu yake haina mpinzani. Moshi ndio uliomla mama mapafu. Harufu ndiyo iliyonila mimi utoto.

Nilipokwenda shule ya bweni Lindi mjini, nilioga kwa ndimu. Nilijisugua kwa majivu mpaka ngozi ikapauka. Haikusaidia kitu. Wenzangu waliniita Somoe Sifa, nikipita wanaziba pua na kupiga makofi, wakafurahi kwamba neno moja linafanya kazi mbili. Likizo ya kwanza nilimwambia mama asinishike nguo. Alitia mikono nyuma, na kuanzia siku ile kila nikija alinipokea mikono ikiwa nyuma, mpaka nikawa mtu mzima.

"Dawa imepatikana," nilimwambia. "Jumamosi. Dozi ya kwanza ni yako."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Ile ya papa wenu?"

"Ile."

"Mnamtoa mafuta kwa sindano?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa nimeutayarisha uongo huo njia nzima, nimeupamba vizuri. Lakini mama ametia mikono kwenye maini ya papa kabla sijazaliwa, na macho yake yalikuwa yananitazama moja kwa moja.

"Tunampasua."

"Ana mayai?"

"Kumi na manne."

Akarudi kwenye mchele. Akatoa jiwe, akatoa jingine. Nilisubiri aseme lolote, anisute au anibariki, nipate wa kumkasirikia zaidi ya nafsi yangu.

"Na mafuta yote yanakwenda wapi?"

"Ng'ambo. Isipokuwa dozi yako."

"Ashura mponda kokoto je? Yule anakohoa damu na ana wawili wadogo."

"Mama, mimi sikupanga orodha!"

"Nimekuuliza tu." Akakohoa. Kikohozi kile kilikuwa cha muda mrefu, cha kuinama, cha kushika nguzo. Nikamshika mabega mpaka kikapita. Alipopata pumzi alisema, "Ungekuwa hutaki nijue usingekuja kuniambia."

"Nataka upone. Hilo tu ndilo ninalotaka."

"Najua, mwanangu. Hata mimi nnataka." Akaniangalia. "Usifikiri sitaki. Usiku nnalala kwa kukaa. Nnataka sana."

3

Jumamosi waliweka maturubai matatu, viti vya plastiki vyenye vitambaa vyeupe, na bango kubwa la uso wa Mkurugenzi likitabasamu juu ya picha ndogo ya papa. Papa alikuwa kona ya chini, kama muhuri. Mgeni rasmi alikuwa Naibu Waziri, mama mmoja mnene wa sauti ndogo, aliyefika kwa wakati na kwa hilo akawashangaza wote. Wanakijiji walikuwa turubai la tatu, lile la juani. Mama alikaa mstari wa mbele na mtungi wake, kajifunga kitenge kipya.

Mimi haya niliyaona kupitia kioo. Nilikuwa ndani ya chumba na Shangazi.

Papa ukimgeuza chali anatulia. Hahitaji dawa ya usingizi, ni maumbile yake. Tulimwinua kwa machela, tukamlaza kwenye beseni la chuma, tukampindua, na kabla sijahesabu ishirini alikuwa amelegea, mdomo wazi kidogo, mrija wa maji ukipita mashavuni mwake apate hewa. Tumbo lake lilikuwa jeupe na limevimba. Niliweka kiganja juu yake. Chini ya ngozi, upande wa kushoto, nilihisi vifuko vya mayai, kimoja kimoja, vigumu kama vitunguu ndani ya mfuko.

Kisu kilikuwa mkono wa kulia. Nilikuwa nimekinoa vizuri. Kazi mbaya sijui kuifanya vibaya, ndilo balaa langu.

Ishara yangu ilikuwa makofi. Mkurugenzi akimaliza hotuba, watu wakipiga makofi, nipasue.

Sauti yake iliingia kwa kipaza sauti kilichotundikwa juu ya mlango. "Namapwiya hoyee!"

"Hoyee," kijiji kilijibu, kwa uvivu wa watu waliokaa juani.

"Kuna watu wanasema kampuni imekuja kuwanyonya! Kwamba tumechukua meno yenu, tumechukua ardhi yenu, tumechukua bahari yenu! Leo nataka mgeni rasmi asikie kwa masikio yake. Wakili, nipe mkataba."

Kurasa zilipeperushwa karibu na kipaza sauti. Mkataba ule ulikuwa na kurasa sitini. Mimi nilisoma zile za samaki. Wanakijiji walisomewa siku moja mchana, kwa sauti ya haraka, wakaweka dole gumba.

"Mnyama ni mali ya kampuni. Kweli, hatufichi. Lakini sikilizeni Kifungu cha Tisa! Kifungu hiki niliomba mwenyewe kiandikwe, kwa heshima niliyonayo kwenu. Nanukuu: *Sifa zote zitokanazo na mnyama huyu ni za wananchi wa kijiji cha Namapwiya, milele, na hazitatolewa, hazitahamishwa wala hazitatumiwa na Kampuni bila ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji.* Mwisho wa kunukuu!"

Alinyamaza apigiwe makofi.

Makofi hayakuja. Nilikuwa nimeinua kisu, nikasubiri. Kwanza ilikuwa kimya, kisha nikasikia kitu kikianzia turubai la tatu, mluzi mmoja, halafu mwanamke akacheka, halafu wengine. Nilitazama kupitia kioo. Wazee walikuwa wanagongana viwiko. Mkurugenzi alitabasamu, akidhani wamefurahi.

"Ndiyo!" akasema. "Sifa ni zenu!"

Kicheko kikapanda. Na mimi, daktari wa samaki mwenye shahada tatu, niliyeitwa Somoe Sifa miaka minne bwenini, nilikuwa nimesimama pale na kisu juu ya ini la papa, na ndiyo kwanza neno lile linaniingia. Walituandikia sifa ili wasituandikie kitu. Waliwapa watu pongezi hewa kwa ardhi yao na meno yao, na wakajiona wajanja. Na aliyeandika, na aliyeagiza, na aliyepitisha, hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa karibu na pipa la maini.

Nikaweka kisu mezani. Nilikiweka taratibu, maana nilikuwa na hasira za kukirusha.

Mama alikuwa amesimama.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," alisema. Hakuwa na kipaza sauti, na kila maneno manne alivuta pumzi. Watu wakanyamaza ili wamsikie. "Naitwa Rukia. Nimepika sifa miaka thelathini na minane. Sifa ni mafuta ya ini la papa. Muulize yeyote hapa, hata ntoto. Huyu bwana anasema sifa ni zetu. Sasa mbona kontena lipo pale?"

"Bibi, kaa chini," Mkurugenzi alisema, bado anatabasamu. "Hapa sifa maana yake ni heshima. Ni pongezi."

"Pongezi zinatolewa bila ridhaa yetu, zinahamishwa?" mama aliuliza. "Zinahamishwa kwa kitu gani? Kwa lori?"

Turubai la tatu lililipuka. Naibu Waziri aliinua mkono mmoja mdogo, kukatulia.

"Wakili," alisema. "Mkataba huu upo kwa lugha ngapi?"

"Mbili, Mheshimiwa."

"Zikigongana, ipi inatawala?"

Wakili alilegeza tai. "Kiswahili, Mheshimiwa."

"Kuna mtu ana kamusi?"

Katibu wake alikuwa ameshaifungua kwenye simu. Akasoma kwa sauti kavu. Maana ya kwanza, tabia au neno la kueleza ubora wa mtu. Maana ya pili akaisoma mara mbili. Mafuta ya papa ya kupaka vyombo.

"Lakini mantiki, Mheshimiwa!" Mkurugenzi alisema. Tabasamu lilikuwa limeondoka. "Kila mtu anajua tulikusudia nini! Hivi ni Kiswahili cha wapi hiki?"

"Ni cha hapa," Naibu Waziri alisema. "Mkataba ulisainiwa wapi?"

Sikungoja jibu lake. Nilikuwa nimemshika Shangazi mapezi, nikamgeuza kifudifudi peke yangu, uzito wote ule, na sijui nguvu nilizipata wapi. Akatikisika. Akafungua mdomo, akaufunga, mkia ukapiga chuma, maji yakanilowesha hadi kifuani. Niligonga kioo kwa ngumi nikapiga kelele wasaidizi waje na machela.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mkurugenzi. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Umefanya nini?"

"Nimemgeuza. Akiendelea kulala chali atakufa."

"Unajua umefanya nini? Dozi ile ya mama yako ilikuwa ndani ya tumbo hilo!" Alinyoosha kidole kwenye turubai. "Kule nje amesimama anajiua mwenyewe, na wewe unamsaidia!"

Nilikuwa na majibu mengi tayari, nimeyakusanya siku nne. Alikuwa mwongo na mpenda sifa na mtu mdogo kabisa, lakini hilo moja alilosema lilikuwa kweli, na nilimchukia kwa kulisema kuliko nilivyomchukia kwa mengine yote.

"Toka," nilimwambia. "Unamtisha."

4

Mkutano mkuu wa kijiji, kwa agizo la Naibu Waziri, ulikaa Jumanne, mchana, ndani ya darasa. Hawakubishana sana. Papa asipasuliwe. Sifa itolewe kwa sindano, mwezi kwa mwezi, na kila tone liandikwe. Mayai yakianguliwa ndipo watu wa ng'ambo waje waombe, wakae juani kama wengine. Kisha wakafika kwenye swali la nani aanze, na hapo darasa zima likamgeukia mama.

"Bi Rukia aanze," mwenyekiti alisema. "Nani atapinga?"

"Mimi," mama alisema.

Niliruka kutoka kwenye dawati. "Mama!"

"Nlisimama kwa ajili ya sifa, sikusimama kwa ajili ya kifua changu. Nikianza mimi, yule bwana atasema bibi kizee alitaka dawa yake tu. Wekeni majina kwenye kopo."

Wakaweka majina kwenye kopo la maziwa. La kwanza kutoka lilikuwa la Ashura, mponda kokoto. La mama lilitoka la saba. Maana yake angoje miezi saba. Daktari wa Lindi alikuwa amempa mitano ya kuishi.

Sikuongea naye njia nzima ya kurudi. Nilibeba mtungi wake, nikatembea mbele kwa makusudi, kisha nikarudi kwa sababu hakuweza kunifuata. Pale pale njiani nilimfokea mama yangu kwa mara ya kwanza maishani. Nilimwambia amejifanya mkubwa kuliko watu. Nilimwambia kwamba nilikuwa tayari kumpasua Shangazi kwa mikono yangu kwa ajili yake, na yeye akaitupa zawadi hiyo kwenye kopo la maziwa. Nikamwambia simsamehe.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kaegemea ukuta wa duka.

"Umemaliza?" akauliza. "Haya, twende. Jua kali."

Sindano ya kwanza ilikuwa wiki mbili baadaye, asubuhi. Mama alitaka kuja. Nilimwekea kiti ukingoni mwa bwawa, mpira puani, mtungi pembeni. Tulikuwa bado hatujaongea vizuri. Ashura alikaa nje na wanawe wawili, akisubiri, na kikohozi chake kilisikika mpaka ndani.

Shangazi alikuwa ametaga. Vifuko vilikuwa vimenasa kwenye kamba tulizomfungia chini ya maji, rangi ya kahawia, vimesokotwa. Mama aliinama akavihesabu kwa kidole, midomo ikienda.

"Kumi na tatu," alisema. "Ulisema kumi na nne."

"Kimoja kilivunjika tumboni siku ile. Mkia ulipopiga chuma."

Akatikisa kichwa taratibu. Akarudisha mikono nyuma.

Tukampindua Shangazi, nikaingiza sindano, nikavuta. Mafuta yalipanda kwenye bomba, ya manjano, mazito. Nilijaza chupa ya Ashura nikaifunga. Nilipochomoa sindano yalinimwagikia kidogo kwenye vidole, na harufu ikapanda pale pale, ile ile, ya pipa na moshi na bweni. Bila kufikiri nikageukia bomba la maji na sabuni, kama nilivyofanya kila siku tangu nina miaka kumi na mitatu.

"Somoe."

Niligeuka. Mama alikuwa ametoa mikono nyuma. Alikuwa ameinyoosha mbele yangu, yote miwili, viganja juu.

"Lete nkono," alisema.

Nikampa. Aliushika, akauinua hadi puani, kando ya mpira wa oksijeni, akavuta pumzi ndefu kuliko zote nilizomsikia akivuta mwaka ule. Ilimfanya akohoe, akakohoa bila kuniachia.

"Ni yenyewe," alisema alipoweza. "Nzuri. Usinawe."

Nikafunga bomba la maji. Nikapeleka chupa nje kwa Ashura, na sikunawa.